Uzuri Usiojiuza: Kikoneni, Mandhari ya Kila Siku na Utambulisho wa Taifa

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumefunzwa methali hii tangu shule ya msingi, na aghalabu imetumiwa kuwanasihi vijana wajistahi. Hata hivyo, mchambuzi anayeitazama kwa makini ataona kwamba imeufungamanisha uzuri na soko. Kwa mujibu wake, dalili ya uzuri ni mnunuzi. Palipo na mnunuzi pana uzuri; pasipo na mnunuzi hapana kitu cha kutazama. Makala haya yanadhamiria kuipinga fikra hiyo kwa kuutazama mji mdogo wa Kikoneni, kusini mwa pwani ya Kenya, mji ambao haumuuzii mtu yeyote sura yake.

Pwani yetu imeuzwa sana kwa picha. Mchanga mweupe wa Diani, ngalawa iliyotweka tanga, mnazi ulioinamia maji: hizi ndizo picha ambazo zimekuwa Kenya ya mabango na kalenda. Sina ugomvi na uzuri wa Diani. Ninalopinga ni mazoea ya kudhani kwamba uzuri wa nchi unaishia pale kamera za wageni zinapoishia. Rai yangu ni kwamba utambulisho wa taifa hujengwa zaidi na mandhari ambayo raia wameitengeneza kwa mahitaji yao ya kila siku kuliko ile iliyopambwa ili itazamwe. Ikiwa rai hii ina ukweli, basi sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna deni, kwa kuwa mandhari hiyo imeandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha jirani zake, nasi bado hatujaisoma ipasavyo.

Mandhari katika madarasa yetu

Neno mandhari limekaa katika istilahi zetu za fasihi kwa maana ya mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutendeka. Katika matumizi ya kawaida, neno hilohilo lina maana ya jinsi mahali panavyoonekana kwa macho. Maana hizi mbili zingepaswa kusaidiana, lakini darasani ya kwanza imeimeza ya pili. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu mandhari ya riwaya, huandika "mandhari ya mjini" au "mandhari ya kijijini", kisha akaharakisha kwenda kwenye dhamira na wahusika. Mandhari hugeuzwa kuwa kapu la kubebea maudhui, na nani hulitazama kapu baada ya kutoa kilichomo?

Mgawanyo huu wa mji na kijiji una historia yake. Riwaya nyingi za Kiswahili za baada ya uhuru zilimtoa mhusika kijijini zikampeleka mbali na kwao, akaharibikiwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Rosa analelewa Ukerewe chini ya baba mkali, na maisha yake yanakwenda kombo baada ya kuondoka nyumbani. Msomaji makini ataona kwamba mwandishi anayahoji malezi na jamii nzima, wala hauhukumu mji peke yake. Lakini uchambuzi wa mazoea umeipunguza riwaya hiyo, pamoja na nyinginezo, hadi ikawa ushahidi kwamba mji ni uovu na kijiji ni wema. Matokeo yake ni kwamba tumekuwa na macho ya kuona miji mikubwa inayotisha na vijiji vinavyoliwaza, na tumekosa macho ya kuona mahali pa katikati, ambapo Wakenya wengi hununua sukari, hunyoa nywele, hungojea gari na hupata habari.

Kikoneni ni mahali pa namna hiyo. Si kijiji kitupu wala si mji mkubwa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 huyapanga makazi kwa kuangalia idadi ya wakazi na huduma zinazopatikana. Kwa kipimo hicho Kikoneni ni mahali padogo. Sheria haiwezi kulaumiwa kwa hilo, kwani kazi yake ni kuhesabu. Kueleza ni kazi ya fani yetu.

Kinachoonekana Kikoneni

Kikoneni iko katika eneo bunge la Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, upande wa bara wa barabara kuu itokayo Likoni na kupita Ukunda na Msambweni hadi mpaka wa Tanzania. Watalii waendao Shimoni na Kisiwa cha Wasini huteremkia upande wa bahari. Huku juu hawana safari. Hili ni eneo la Wadigo, jamii ambayo mpaka wa kikoloni uliigawa pande mbili, ndugu wengine wakabaki Kwale na wengine Tanga.

Tuanze na jina. Shimoni, Msambweni, Makongeni, Kikoneni: majina yote haya yanaishia kwa -ni, kiambishi ambacho katika mofolojia tunakijua kuwa ni cha mahali. Shimoni ni penye shimo, kwa maana ya mapango yaliyo pale ufuoni. Makongeni ni jina linaloukumbusha mkonge. Majina ya namna hii hayakutolewa na mtu aliyeitazama nchi kutoka sitaha ya meli. Yalitolewa na aliyesimama papo hapo, akataja kilichokuwa mbele yake. Mwanafunzi wa isimu anayepita barabara ya kusini amepita katika somo zima la viambishi vya mahali, endapo atafungua macho.

Tuje kwenye majengo. Katika miji midogo ya Kwale, nyumba za miti na udongo zilizoezekwa kwa makuti hupakana na maduka ya mawe yaliyoezekwa kwa mabati. Mpita njia hulitazama paa la makuti kwa dharau, akaliita la kimaskini. Lakini fundi wa makuti ana elimu yake. Kuti hutengenezwa kwa majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya ufito na kufungwa kwa ustadi. Fundi huanza kuezeka chini, kwenye ukingo wa paa, akapanda safu baada ya safu, kila safu ikiilalia ile ya chini yake, ili maji ya mvua yateremke pasipo kupenya. Mistari ile iliyolingana, ambayo hoteli za ufuoni huiiga kwa gharama kubwa ili kuwafurahisha wageni, imezaliwa na haja ya mtu kulala pakavu. Huu ndio ujumi wa matumizi: uzuri ambao ukiutenga na kazi yake, nao hutoweka. Mkeka nao ni hivyo hivyo. Ukili husukwa kwanza, ukawa mrefu, kisha vipande vyake vikashonwa ubavu kwa ubavu. Nakshi yake haikuongezwa mwishoni kama pambo. Imo ndani ya ususi wenyewe.

Kisha kuna leso. Mwanamke apitaye sokoni na leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, amevaa maandishi yanayosomwa na kila anayepishana naye. Wajuzi wa vazi hili hutaja sehemu zake tatu: pindo, mji na jina. Pindo ni ule ukingo unaozunguka pande zote. Jina ni usemi ulioandikwa. Na ile sehemu ya katikati, uwanja wenyewe wa nakshi, huitwa mji. Nimelitafakari sana neno hili. Wanawake wa pwani walipotaka kuita kitovu cha uzuri katika vazi lao, walichagua neno linalotaja mahali ambapo watu hukusanyika. Kwa fikra hiyo, mji si gari moshi na ghorofa. Mji ni pale ambapo nakshi na watu huonana. Sijui hoja bora zaidi ya kutetea hadhi ya Kikoneni.

Rangi moja nchi nzima

Zipo nguvu zinazoibadilisha mandhari hii, na mojawapo ni rangi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, kuta za maduka zimekuwa za kijani kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar. Kampuni za simu, za saruji, za sabuni na za vinywaji huwapakia wenye maduka kuta zao. Mwenye duka hupata ukuta mpya bila gharama, na kampuni hupata tangazo. Biashara hiyo ni halali, na mwenye duka ana haki ya kufurahia ukuta usiobambuka.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ndio utambulisho wa taifa tunaoutafuta. Mkenya akirudi kutoka safari ya mbali, akiuona ukuta wa kijani, hujua amefika kwao. Hoja hii haipuuziki. Lakini tutofautishe umoja na sare. Rangi moja inaweza kukuambia kwamba uko Kenya; haiwezi kukuambia kwamba uko Kikoneni. Ukuta ukipakwa upya, hupotea jina la duka lililoandikwa kwa mkono, hupotea picha ya kichwa aliyoichora mchoraji wa mtaani nje ya kibanda cha kinyozi, na hupotea usemi ambao mwenye duka aliuchagua kuwakabili wateja wa mkopo. Maandishi hayo ni matini. Yana mtunzi, yana hadhira, yana lahaja na yana muktadha. Laiti yangekuwa ni diwani iliyochapishwa, tungekwisha kuyaandikia tasnifu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuifanya Serikali iwe na wajibu wa kukuza na kulinda anuwai ya lugha za wananchi. Kifungu cha 11 kikautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Vifungu hivi havitatekelezwa na mahakama peke yake. Vinatekelezwa pia na anayeuona ukuta wa duka kuwa mahali ambapo lugha ya taifa inaishi.

Vinyago na vitambulisho

Hadi hapa huenda msomaji akaona kwamba suala hili ni la ladha tu. La hasha. Historia ya Wamakonde wa Kwale inaonyesha kwamba swali la nani anatambuliwa kuwa mwenye uzuri ni swali la haki.

Wamakonde walianza kuja Kenya kutoka Msumbiji, wengi wao kupitia Tanganyika, katika miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani. Wengi walifanya makazi Makongeni na sehemu nyingine za Kwale. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi walipoteza tegemeo, na uchongaji ukabaki kuwa miongoni mwa kazi zao za riziki. Sanaa ya vinyago ya Wamakonde inajulikana ulimwenguni. Katika mtindo wao uitwao ujamaa, watu wengi huchongwa katika gogo moja la mpingo, wakishikana na kupandana, asiweze mmoja kuondolewa bila kuuvunja mti mzima.

Fikiria basi kinaya hiki. Kinyago cha Kimakonde kiliweza kuuzwa kwa mtalii kama kumbukumbu ya Kenya, kikapita uwanja wa ndege bila swali, ilhali aliyekichonga, aliyezaliwa Kwale na kuzaa watoto Kwale, hakuwa na kitambulisho cha kumwezesha kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu au kupiga kura. Kazi ya mkono wake ilikuwa ya Kenya; yeye hakuwa. Kizuri kilijiuza, na mwenyewe akabaki nje ya mlango.

Mwezi Oktoba 2016, Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wasajiliwe, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani ya Kenya nao wakatambuliwa baada ya kungoja kwa vizazi. Haya ni mafanikio ya wananchi wenyewe pamoja na watetezi wao. Lakini tujiulize, sisi wa Kiswahili tulikuwa wapi? Watu hawa walikuwa wakizungumza lugha tunayoitahini. Ni makala mangapi ya vyama vyetu yaliyoeleza maisha ya Makongeni kabla ya safari ile? Jamii isiyoelezwa ni rahisi kusahauliwa na daftari la usajili.

Mlima wenye bei

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kikoneni. Mlima Mrima ni msitu wa kaya, mahali pa ibada na mapisi ya wazee, na chini ya ardhi yake mna niobiamu na madini adimu. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec Mining Kenya ilitangaza kwamba madini adimu ya hapo yalikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 62.4 za Marekani. Leseni ya kampuni hiyo ilifutwa mwaka huohuo, kesi ikafikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2018 Kenya ikashinda.

Hoja yangu haihusu kama madini hayo yachimbwe au yasichimbwe. Hilo ni la wakazi kwanza, kisha la taifa. Hoja yangu ni juu ya lugha. Mlima ule ulipotajwa katika habari za dunia, ulitajwa kwa lugha ya dola. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, Kaya Kinondo ya karibu na Diani ikiwamo. Mrima haumo katika orodha hiyo. Aliyetaka kusema kwamba mlima una thamani nyingine mbali na ile ya madini alihitaji maneno, na maneno hayo yako kwa Kidigo na kwa Kiswahili: majina ya miti, ya njia, ya miiko, ya sehemu za kaya. Yasipoandikwa, siku ya mashauriano mezani kutakuwa na tarakimu upande mmoja na kimya upande wa pili.

Je, tunaupamba umaskini?

Ninatarajia pingamizi. Msomaji atasema kwamba ni rahisi kwa mwanachuo kuyasifu makuti wakati mwenye kulala chini yake anatamani bati, na kuusifu mji mdogo wakati wakazi wake wanadai maji na lami. Pingamizi hili ni la haki, na yeyote anayeandika juu ya uzuri wa mahali pa watu wenye kipato kidogo sharti alijibu.

Jibu langu ni kwamba kuona uzuri hakupingani na kudai lami. Kinachopingana na lami ni dharau. Mpangaji anayeiona Kikoneni kuwa vumbi tupu atabomoa soko na kujenga jingine bila kuuliza ni kwa nini wauza muhogo hukaa upande ule, au ni kwa nini baraza ya duka inatazama barabara. Tangu mwaka 2013, mipango mingi ya masoko na miji midogo imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, na Katiba inadai wananchi washirikishwe. Anayejua kuieleza mandhari yake huingia katika mkutano wa ushirikishwaji akiwa na hoja. Mwenye nyumba akitaka bati na apate bati. Lakini achague kwa kuwa bati linamfaa, asichague kwa kuwa tumemfundisha kuionea haya kazi ya mikono ya baba yake. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Mapendekezo

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kozi zetu za fasihi ziwe na zoezi la nyanjani ambapo kila mwanafunzi ataandika maelezo ya mandhari ya mji mdogo mmoja anaoujua: maandishi yake, majengo yake, majina yake na sauti zake. Zoezi hili halihitaji ruzuku. Linahitaji daftari na nauli.

Pili, uchambuzi wa maandishi ya kuta, ya vyombo vya usafiri na ya leso uhesabiwe kuwa utafiti wa fasihi na isimu wenye hadhi kamili, na ufanywe mapema, kabla rangi haijapakwa upya.

Tatu, tushirikiane na lugha jirani badala ya kuzitazama kama zinazokichafua Kiswahili. Kamusi ya Mgombato, ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mwaka 2004, ilikwisha kufungua njia. Kichifundi na Kivumba, lahaja za Kiswahili za pwani hii ya kusini, zinahitaji wanafunzi watakaozisikiliza kwa wazungumzaji wenyewe, kuanzia Funzi hadi Vanga. Mwanafunzi anayetoka Kwale ana akiba ambayo mhadhiri wake hana, nayo ni haki kwamba alama zake zilionyeshe hilo.

Hitimisho

Taifa lina wimbo, lina bendera na lina nembo, na vyote hivyo vina heshima yake. Lakini raia hukutana na taifa lake mara nyingi zaidi mahali pasipo na bendera: kwenye kaunta ya duka, chini ya paa la kungojea gari, mbele ya karai la mahamri alfajiri. Iwapo pale haoni kitu chenye thamani, itakuwa vigumu kumshawishi kwamba thamani ipo kwingine.

Wito wangu kwa wanachama wenzangu ni mdogo. Likizo ijayo wengi wetu tutarudi makwetu kwa kupitia miji kama Kikoneni. Tushuke garini. Tusome kuta, tuulize majina, tuandike tulichokiona kwa Kiswahili sanifu na kwa lugha iliyotamkwa mbele yetu, kisha tuyalete maandishi hayo katika kurasa hizi. Wahadhiri wetu nao wayasahihishe kwa ukali uleule wanaousahihishia uchambuzi wa riwaya.